Programu ya Kikundi Ikianza Kulipiwa, Ihamisheni Kabla ya Mavuno



Wiki mbili zilizopita mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wakulima wa alizeti alinipigia simu. Nilidhani ni viwavijeshi au bei ya mbegu, kumbe alikuwa na jambo jingine. "Bwana shamba," alisema, "ile programu yetu ya bei na ghala sasa ina watu mia saba wanaolipia. Kijana wetu anasema pale tulipoiweka pamekuwa padogo, tuhame, na gharama inapanda kutoka elfu tisini kwa mwaka hadi zaidi ya elfu thelathini kwa mwezi. Tuhame, au tunapigwa?"

Nilimjibu: hameni, tena kabla ya mavuno. Hampigwi.

Nilijibu haraka kwa sababu miaka miwili iliyopita kikundi kingine kiliniuliza swali hilohilo nikajibu vibaya, na wakulima wakaumia. Leo naeleza nilichojifunza, kwa kuwa vikundi ninavyovihudumia vinazidi kuingia kwenye programu za kulipia, na karibu vyote vinaamua jambo hili kwa kuangalia bei tu. Haya ni maoni yangu, si waraka wa halmashauri.

Tunazungumzia nini hasa

Programu unayoifungua kwenye simu haikai kwenye simu. Inakaa kwenye kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, inayoitwa seva. Majina ya wanachama, idadi ya gunia walizoleta ghalani, nani amelipa ada ya mwezi na nani hajalipa, vyote vipo huko. Simu inakwenda kuuliza tu. Kukodi nafasi kwenye seva ya mtu mwingine ndiko vijana wanakoita kuhosti, na kampuni inayokukodisha nafasi hiyo ndiyo hosti wako.

Ni kama mfanyabiashara asiye na ghala pale Kibaigwa anayekodi nafasi kwenye ghala la mwenzake. Kabla ya kushusha gunia anauliza: paa linavuja? Ufunguo anao nani? Mzigo ukiongezeka kuna nafasi? Nikitaka kutoa mzigo wangu wote kesho asubuhi, nitautoa? Maswali ya hosti ni hayohayo. Tatizo ni kwamba ghala tunaliona kwa macho, seva hatuioni, kwa hiyo tunaishia kuuliza bei.

Nilivyoshauri vibaya

Kikundi ninachokisema kilianza na wanachama sitini. Kijana wao mmoja, mhitimu wa chuo, alitengeneza programu nzuri ya kuonyesha bei za soko na kuandika mzigo unaoingia kwenye ghala la kikundi. Waliiweka kwenye hosti ya pamoja, yaani seva moja inayogawanywa kwa mamia ya wateja, kwa shilingi 90,000 kwa mwaka. Kwa watu sitini waliokuwa wanaijaribu bure, hilo lilikuwa chaguo sahihi.

Mwaka wa pili wanachama walifika zaidi ya mia nne, kila mmoja akilipa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kijana akasema wahame. Viongozi wakaniuliza. Mimi nikaangalia tangazo la hosti, nikaona limeandikwa matumizi bila kikomo, nikawaambia: mnahamia wapi na hapa mmeambiwa hakuna kikomo? Okoeni hela, nunueni turubai. Wakanunua turubai.

Juni ikafika, alizeti ikaanza kuingia ghalani. Watu mia nne walikuwa wanafungua programu asubuhi hiyohiyo kutazama bei, huku karani akiandika mizani. Ile "bila kikomo" kumbe ilihusu nafasi ya kuhifadhi, haikuhusu kazi ambayo seva inafanya. Hosti akaona akaunti moja inalemea majirani zake, akaifunga. Taarifa ya kuifunga aliituma, lakini kwa barua pepe ya kijana, na kijana wakati huo alikuwa kambini JKT, simu hana.

Siku tisa programu haikufunguka. Mpaka kijana alipopatikana kwa msaada wa viongozi wake wa kambi, na akaunti ikafunguliwa, ikaonekana nakala iliyorudishwa ilikuwa ya siku kumi na moja kabla ya kufungwa. Mizigo yote iliyopimwa katika siku hizo kumi na moja haikuwemo. Tuliokolewa na mtunza ghala, mzee wa makamo asiyeiamini simu, ambaye alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari lake la shule. Hata hivyo gunia sita zilibaki na ubishi. Mama mmoja alisema ameleta gunia 14, daftari lilisomeka 8, na ushahidi wake pekee ulikuwa ujumbe kwenye simu iliyokwishaharibika. Kikundi kilimlipa kutoka mfuko wa dharura ili kulinda amani. Mwezi uliofuata zaidi ya watu mia moja hawakulipa ada, na siwalaumu.

Hosti hakuwa tapeli. Aliuza kitu kidogo kwa bei ndogo. Mimi ndiye niliyesema kinatosha.

Fedha ya mtu inabadilisha mambo

Programu ya bure ikizimika, mtumiaji anasubiri. Programu anayoilipia ikizimika, anadai, na ana haki. Ada ya mwezi ni ahadi kwamba siku anayoihitaji, itafunguka. Kwa mkulima wa kanda hii siku hizo si nyingi. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya biashara yetu inakusanyika kwenye miezi michache baada ya hapo. Ukizimikiwa Februari, wachache watajua. Ukizimikiwa Juni, umepoteza mwaka.

Kuna jambo jingine linaloingia pamoja na malipo. Mwanachama akilipa kwa simu, mfumo wa kampuni ya simu au wa wakala wa malipo hutuma taarifa kwenye seva yenu kwamba fulani amelipa. Seva ikiwa imelala wakati huo, fedha inaingia kwenye akaunti ya kikundi lakini programu inaendelea kumwambia mtu hajalipa. Hapo ndipo matusi yanapoanzia. Baadhi ya watoa huduma za malipo pia wanataka seva yenu iwe na anwani moja isiyobadilika, kitu ambacho hosti ya pamoja kwa kawaida haikupi.

Na kama mnatumia menyu ya nyota na reli kwa ajili ya wenye simu za kitochi, mjue kwamba seva ikichelewa kujibu kwa sekunde chache tu, menyu inakatika na mtu anaanza upya. Kwenye hosti iliyojaa, hayo yatatokea kila asubuhi ya soko.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: siku mnapoanza kumtoza mtu ada, acheni kutafuta hosti wa bei ya chini kuliko wote. Tafuteni hosti mnayeweza kumwongezea nafasi msimu ukija, na mnayeweza kumhama bila kumwomba mtu ruhusa.

Mambo manne mnayoweza kuchagua

1. *Hosti ya pamoja.* Inafaa kwa kujaribu, kwa ukurasa wa matangazo wa duka, au kwa kikundi cha watu mia moja wasiolipa. Ni rahisi na haihitaji fundi.

2. *Seva ndogo ya kukodi yenye sehemu yako peke yako.* Wauzaji huiita VPS. Bado kompyuta yenyewe ni ya mtu mwingine, lakini kipande chako kimetengwa: jirani akizidisha matumizi, wewe huathiriki sana. Kwa kampuni zinazojulikana duniani, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2 huanzia kati ya dola 5 na 12 kwa mwezi. Msimu ukija mnaiongeza kwa kubonyeza, kwa kawaida kwa kuizima dakika chache. Kwa vikundi vingi vyenye wanachama kati ya mia mbili na elfu chache, hapa ndipo pa kukaa.

3. *Makampuni makubwa ya wingu*, kama Amazon, Microsoft na Google. Hayo yote matatu sasa yana vituo Afrika Kusini: Microsoft tangu 2019, Amazon tangu 2020 na Google tangu 2024. Huduma zao ni nzuri, lakini nyingi hulipwa kadiri mlivyotumia. Msidhani ni kama LUKU. Uniti za LUKU zikiisha taa inazimika na deni hakuna. Huku mita inaendelea kuzunguka na bili inakuja mwisho wa mwezi. Kijana akikosea mpangilio mmoja, kikundi kinadaiwa. Nendeni huko mkiwa na wilaya kadhaa na mtu anayelipwa kusimamia.

4. *Seva yenu wenyewe ofisini.* Viongozi wengi wanaipenda kwa sababu inaonekana. Mimi siipendekezi. Umeme ukikatika, vumbi la Agosti likiingia, joto la Novemba likipanda, au mwizi akivunja dirisha, biashara yote imesimama. Fedha ya kununua seva, betri kubwa na intaneti ya kudumu inaweza kulipia seva ya kukodi kwa miaka mingi.

Tahadhari moja kuhusu namba 2. Seva ya peke yako inataka matunzo, kama ng'ombe wa maziwa anavyotaka matunzo kuliko wa kienyeji. Lazima mtu aisasishe, afunge milango ya wezi wa mtandaoni, aangalie nafasi isijae. Kama kijana wenu hana muda huo, lipeni hosti anayesimamia mwenyewe, hata kama bei ni mara mbili. Seva isiyo na mtunzaji ni hatari kuliko hosti ya pamoja.

Tupige hesabu

Turudi kwa mwenyekiti wa watu mia saba. Ada ni shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa hiyo zinaingia 700,000. Tukadirie dola moja kwa shilingi 2,500.

- Seva ya gigabaiti 2, dola 12: shilingi 30,000
- Nakala za kila wiki kwa hosti huyohuyo, tuseme asilimia 20 ya bei ya seva: shilingi 6,000
- Nafasi ya kuweka nakala ya pili kwa hosti mwingine, tuseme dola 5: shilingi 12,500

Jumla ni shilingi 48,500. Ni chini ya shilingi 70 katika kila elfu moja anayolipa mwanachama.

Sasa linganisha na ujumbe mfupi. Mkituma bei mara mbili kwa wiki kwa watu 700, ni jumbe 5,600 kwa wiki nne. Kwa shilingi 20 kila mmoja, ni shilingi 112,000. Bili ya ujumbe ni zaidi ya mara mbili ya bili ya hosti, na hakuna kikao nilichohudhuria ambacho watu waligombana kuhusu ujumbe. Tunabana pale pasipostahili kubanwa. Mkitaka kuokoa, anzeni na ujumbe: wenye simu janja wasome bei ndani ya programu, ujumbe ubaki kwa wenye kitochi.

Kikundi cha watu 250 kinaweza kuanza na seva ya gigabaiti 1 ya dola 6. Pamoja na nakala za kila wiki ni shilingi 18,000, yaani shilingi 72 katika kila elfu. Lakini kikundi cha watu 60 kikitaka mpango wa mwenyekiti wetu, kitatumia 48,500 kati ya 60,000. Hao wabaki kwenye hosti ya pamoja kwanza, na wasianze kutoza ada kubwa. Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: hosti na nakala zake visizidi shilingi 100 katika kila elfu inayoingia. Ikizidi, ama mmekwenda pakubwa mno, ama ada yenu haitoshi.

Nyumbani au nje ya nchi?

Swali hili huleta ubishi mkubwa kwenye vikao. Wapo wanaosema vya nje ndivyo vya uhakika, wengine wanaona aibu data zetu kukaa Ulaya.

Angalieni M-Pesa, ambayo karibu kila mmoja wetu anaijua. Ilianza Kenya Machi 2007 na kufika kwetu Tanzania 2008. Kwa miaka mingi seva zilizohudumia Wakenya hazikuwa Kenya, zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya Aprili 2015, wakati huduma imekwishakuwa na mamilioni ya watumiaji. Ninachojifunza hapo ni kwamba mahali mlipoanzia hapawafungi, mradi mfumo umeachwa katika hali ya kuweza kuhama.

Kuhusu kasi, msibabaike sana. Ombi kutoka Dodoma kwenda Ulaya na kurudi kwa kawaida halifiki robo ya sekunde. Kinachochelewesha programu nyingi ni picha kubwa na seva iliyolemewa.

Nyaya ni jambo zito zaidi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa dhaifu sana hapa kwetu na kwa majirani. Mei ndiyo mwezi alizeti inaanza kuvunwa. Seva iliyopo Dar es Salaam haihitaji kuvuka bahari ili ikufikie Kongwa. Kuna kampuni binafsi zinazohosti hapa nchini, na kipo Kituo cha Taifa cha Data, NIDC, Dar es Salaam.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kikundi kinachokusanya majina na namba za simu za watu kwa mfumo wa namna hii kinatakiwa kujisajili kwa Tume, na kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Msiseme ninyi ni wadogo. Nendeni mkaulize kabla, na msikusanye msichokihitaji. Nimeona programu ya bei za mahindi inadai namba ya NIDA ya mkulima. Ya nini?

Jambo la mwisho ni malipo. Hosti wa nje anakata dola kwenye kadi kila mwezi. Kadi ikikosa salio siku hiyo, anakumbusha kwa barua pepe, kisha anazima, na baada ya muda anafuta. Hosti wa hapa unamlipa kwa shilingi kupitia simu au benki. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kampuni ya hapa ikikudai dola, uliza kwa nini.

Kwa hayo yote, mimi naegemea nyumbani, kwa sharti moja: hosti wa nyumbani akuonyeshe kwa vitendo jinsi anavyorudisha nakala, na awe na mtu anayepokea simu Jumapili. Bei yake inaweza kuwa tofauti na niliyopigia hesabu, pengine juu zaidi. Ikibaki ndani ya ile shilingi 100 kwa elfu, lipeni.

Nakala na funguo

Machi 10, 2021 jengo zima la seva la kampuni kubwa ya OVHcloud liliteketea kwa moto mjini Strasbourg, Ufaransa. Mamilioni ya tovuti yalizimika. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi. Baadhi ya wale ambao nakala zao zilikaa hapohapo kwenye moto hawakurudi na kitu. Kama Ufaransa yaungua, usiniambie hosti wako hawezi kupata ajali.

Nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine kabisa. Kama hamna fedha ya hosti wa pili, kijana apakue nakala kila wiki kwenye diski ya nje yenye neno la siri, ikae kwa mhazini. Msimu wa mizani ifanyike kila siku. Na nakala ambayo hamjawahi kujaribu kuirudisha msiihesabu. Wetu waliamini wana nakala ya jana, kumbe ni ya siku kumi na moja.

Kisha funguo. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoumia, na haligharimu kitu:

- Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la kijana. Majina yanayoishia .tz yanasimamiwa hapa nchini chini ya TCRA, kwa hiyo ubishi ukitokea mna mahali pa kwenda.
- Barua pepe ya akaunti ya hosti iwe ya kikundi, na isomwe na watu wawili angalau.
- Neno la siri liandikwe, lifungwe kwenye bahasha, likae kwenye sanduku la fedha pamoja na katiba.
- Jina la tovuti na hosti visinunuliwe kama mzigo mmoja msioweza kuutenganisha. Mkihama hosti, jina libaki lenu.
- Kijana alipwe na apewe mkataba. Nimesikia viongozi wakisema "huyu ni mtoto wetu, hawezi kutukimbia". Hakukimbia. Alikwenda JKT.

Fuateni msimu

Machi, jaribuni kurudisha nakala mbele ya viongozi, hata kwenye kompyuta ya kijana. Aprili, hameni kama mnahama. Endesheni zamani na mpya pamoja kwa wiki mbili, kisha zimeni ya zamani. Mei, ongezeni seva. Oktoba, ipunguzeni mkiweza, ila ulizeni kwanza, maana baadhi ya hosti hukuruhusu kuongeza diski lakini si kuipunguza. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Makutupora mna mavuno mawili, kwa hiyo panga kwa miezi yenu.

Malipo ya mwaka yalipwe Julai au Agosti, fedha ikiwepo. Nimeona vikundi vilivyosajili jina Januari, na kila Januari linakaribia kufa kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye ada za shule na chakula. Lipeni miaka miwili kwa mara moja mavuno yakiwa mazuri.

Na wewe unayelipia programu ya wengine

Mfanyabiashara, labda wewe huna programu, unalipia tu ya mtu mwingine kuandika wadeni wako na mzigo wako. Muulize mwenye programu mambo matatu: nakala inachukuliwa kila baada ya muda gani, iko wapi, na nikitaka daftari langu lote leo utanipa kwa namna gani? Akisita, endelea kutumia, lakini weka daftari la karatasi pembeni. Yule mtunza ghala wetu hakuwa mshamba. Yeye ndiye alikuwa nakala ya pili.

Mwenyekiti wa watu mia saba aliniambia jana kwamba kamati imekubali, wanahama. Ameongeza jambo moja ambalo sikumwambia: wanachama wametangaziwa kwenye mkutano kwamba ada yao ya elfu moja itatoa shilingi sabini kulinda kumbukumbu zao. Anasema hakuna aliyepinga. Mzee mmoja alisimama akauliza tu kwa nini hazikuwa zinatolewa tangu zamani.